Neno "Halali" na Meza ya Mkristo

Muumini anayetoka Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe, akapita sokoni Darajani kununua kitoweo, hukuta nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Akialikwa harusi au futari kwa jirani, hukuta nyama hiyo hiyo. Wapo wanaotuuliza kama kuila ni dhambi. Ili kujibu, yatupasa kwanza kulifahamu neno lenyewe.

Maana ya neno

"Halali" lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kilichoruhusiwa; kinyume chake ni "haramu". Kiswahili kimelipa uwanja mpana: twasema mali halali, mke halali, jasho halali. Kanisa nalo hulitumia linaponena juu ya ndoa halali au Ubatizo halali, yaani uliotimiza masharti yake.

Kwa upande wa nyama, Waislamu hutaka mnyama awe wa aina iliyoruhusiwa, achinjwe akiwa hai, damu imtoke, na jina la Mungu litajwe. Aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi. Nguruwe ni haramu hata akichinjwa. Samaki hahitaji kuchinjwa, na ndiyo maana changu na jodari huliwa na wote bila swali.

Mafundisho ya Kanisa

Bwana wetu alifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hakitoki nje, bali moyoni (Mk 7:14-23). Petro naye, akiwa Yafa, alionyeshwa kwamba asikiite najisi alichokitakasa Mungu (Mdo 10:9-16). Kwa hiyo Mkristo hana nyama iliyo haramu kwa asili yake. Hata tunapojinyima nyama siku ya Ijumaa (kanuni 1251), tunafanya kitubio. Hatusemi kwamba nyama ni mbaya.

Je, jina lililotajwa wakati wa kuchinja linaifanya nyama kuwa sadaka ya sanamu, ambayo Mtume Paulo aliionya Korintho? Hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unafundisha kwamba Waislamu humwabudu Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na nchi. Basi ule kwa shukrani na dhamiri tulivu.

Matumizi yake kwetu

Uhuru huo una mpaka, nao ni upendo. Paulo alikuwa tayari kutokula nyama kamwe kama ingemkwaza ndugu yake (1Kor 8:13). Familia inayoandaa sherehe ya Komunyo ya Kwanza na kuwaalika majirani Waislamu, na imwite mchinjaji wao, na itenge vyungu. Kumwambia mgeni "hiki ni halali" hali twajua sivyo, hata kwa utani, ni uongo na ni kuidharau dhamiri yake. Kwa upande mwingine, kuacha kitu kwa ajili ya mgeni si kuikana imani. Mwenye kuacha kwa hiari bado yu huru.

Jambo hili si dogo. Februari 2013 huko Buseresere, Geita, mabishano juu ya nani achinje yaligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Neno lililokusudiwa kuweka utaratibu wa chakula likawa sababu ya damu ya mtu kumwagika.

Tusisahau, hatimaye, maana pana ya neno hili. Kuku aliyechinjwa kwa utaratibu wote, lakini akanunuliwa kwa ujira wa kibarua uliozuiwa, hawezi kuitwa halali na Mkristo wala Mwislamu. Kabla ya kuuliza nani amechinja, tujiulize kitoweo chetu kimepatikanaje, na ni nani jirani yetu aliyelala njaa.