Mrengo wa Kushoto, Mrengo wa Kulia na Mpiga Kura wa Piyaya

Maneno "kushoto" na "kulia", yanapotumika katika siasa, ni wageni katika lugha yetu. Yalizaliwa Ufaransa mwaka 1789, wajumbe wa Bunge la nchi hiyo walipokuwa wakijadili kama mfalme apewe uwezo wa kuizuia sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa watu. Waliotaka mfalme awe na uwezo huo waliketi upande wa kuume wa mwenyekiti. Waliompinga wakaketi upande wake wa kushoto. Hivyo mpango wa kuketi barazani ukageuka kuwa jina la mawazo. Tangu hapo mrengo wa kushoto umehesabiwa kuwa ni wa wale wanaotaka mali kuu za nchi ziwe mikononi mwa umma na pengo kati ya tajiri na maskini lipunguzwe. Na mrengo wa kulia kuwa ni wa wale wanaotetea mali ya mtu binafsi, soko huria na mambo ya kale yaliyozoeleka.

Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali moja: je, mwananchi wa Tanzania anapoingia katika chumba cha kupigia kura, huchagua kwa kipimo hicho? Ili tusiseme juu juu tu, tutalitazama swali hili kutoka mahali maalumu, nayo ni Piyaya, kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, ukingoni mwa mbuga za Serengeti. Tumepachagua kwa sababu wakazi wake wanaishi kwa kitu ambacho mirengo yote miwili imekuwa ikikigombea katika karne nzima ya 20, yaani ardhi.

Kwanza hapana budi tukumbuke kwamba katika nchi za Ulaya mirengo hii ilisimama juu ya matabaka. Huko Uingereza, kwa muda mrefu, mfanyakazi wa kiwandani alizaliwa katika nyumba ya wapiga kura wa chama cha Labour, na mwenye shamba kubwa alizaliwa katika nyumba ya chama cha Conservative. Mtu alikijua chama chake kama alivyoijua kazi ya baba yake. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili alipotetea mfumo wa chama kimoja: vyama vya huko, alisema, vimetokana na matabaka, na sisi hatukuwa na matabaka ya namna hiyo. Tukikubaliana naye au tusikubaliane naye kuhusu chama kimoja, hoja yake ya kihistoria yatupasa kuizingatia.

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959. Vyama vitatu vilishindana. UTP, iliyoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali ya kikoloni, ilitetea mpango wa mataifa matatu kugawana viti. TANU ilidai uhuru na serikali ya wengi. ANC ya Zuberi Mtemvu iliona kwamba TANU imelegea ilipokubali, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kushiriki katika uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mtu angeweza kuvipanga vyama hivyo kutoka kulia hadi kushoto. Lakini swali lililoamua kura halikuwa la soko wala la mali ya umma; lilikuwa ni la nani atawale. TANU ilishinda kwa wingi.

Isitoshe, kura yenyewe haikuwa ya wote. Ilimpasa mpiga kura awe na elimu au kipato au cheo cha kiwango kilichowekwa, na wengi wa wakulima na wafugaji hawakuwa na sifa hizo. Na katika miaka hiyohiyo mambo makubwa yaliamuliwa juu ya mbuga za Serengeti. Mwaka 1958 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi hiyo walitakiwa kuiacha. Na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa kisheria ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Msomaji aziweke tarehe hizi mbili pamoja: taifa lilikuwa linajifunza kupiga kura wakati ileile ambapo wafugaji wa mbugani walikuwa wanaondoka katika malisho yao bila kuulizwa kwa kura.

Baada ya Uhuru mfumo wa chama kimoja ulihalalishwa, na mwaka 1965 ukafanyika uchaguzi wa namna ya pekee. Katika majimbo mengi wagombea wawili, wote wa TANU, walisimama mbele ya wananchi. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Walifanya kampeni pamoja, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini. Kwa kuwa sera ilikuwa moja, mwananchi alibaki kumpima mtu: je, anatujua? je, alirudi kututazama? Mawaziri wawili, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha, walipoteza viti vyao. Kutoka Umasaini akaingia Bungeni kijana Edward Sokoine, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu hadi alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Somo la mwaka 1965, kwamba kura ni hukumu juu ya mtu, liliingia ndani sana katika utamaduni wetu wa siasa. Hata hivyo, msomaji atambue pia kwamba alama zote mbili zilitolewa katika maisha ya mkulima aliyetulia mahali pamoja. Ng'ombe hakuwamo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Mbuga za majani mafupi zinazoizunguka Piyaya ni mahali nyumbu wanapokuja kuzaa kati ya Januari na Machi. Majani yake wakati huo ni matamu na yenye chumvichumvi, lakini ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa ambao huua ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji huiacha mbuga ikiwa katika uzuri wake, akapeleka ng'ombe nyanda za juu, kisha akarudi nyumbu wakishaondoka. Karibu na boma huhifadhiwa malisho ya ndama, yaitwayo olopololi, ambayo mtu hayaingilii kiholela. Malisho haya si ya mtu mmoja, wala si ya kila mtu. Ni ya jumuiya inayojua nani alishe, wapi na lini. Ardhi ya namna hii huwa na thamani kwa sababu ni pana na kwa sababu ina utaratibu. Ikikatwa vipande, hata kama jumla ya eka haikupungua, mfugaji amenyang'anywa njia ya kukimbia ugonjwa na ukame.

Sasa tuitazame mirengo miwili kwa macho ya mfugaji huyo. Mrengo wa kushoto uliokuja na Azimio la Arusha mwaka 1967 ulisema ardhi ni mali ya umma. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaandika katika "Mali ya Taifa", mwaka 1958, kupinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, na hilo lilimfaa mfugaji, kwa maana lilimlinda na mnunuzi. Lakini siasa hiyohiyo ilimwona mtu anayehamahama kuwa yuko nyuma. Katika miaka ya 1970, Oparesheni Imparnati iliwataka Wamasai wakae katika vijiji vya kudumu. Lililoonekana kuwa kero likazaa jambo ambalo halikutazamiwa: vijiji vilivyoandikishwa wakati huo vikawa na mipaka na serikali zao, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilipokuja, mipaka hiyo ikawa ngao. Na bado sheria hizo za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, ambaye aweza kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ya hifadhi kwa manufaa ya taifa. Neno "umma", basi, lilimpa mfugaji ngao, na neno hilohilo likaweza kumwondolea ngao hiyo.

Mrengo wa kulia nao ulipoingia pamoja na biashara huria, ulitoa na ukatwaa. Katika miaka ya 1990 baadhi ya vijiji vya Loliondo, kama Ololosokwan, vilifunga mikataba na makampuni ya utalii na kupata fedha za shule na zahanati. Lakini soko hilohilo lilileta uwindaji wa kitalii, ambapo kuanzia mwaka 1992 kampuni ya kigeni ilipewa kibali cha kuwinda katika ardhi ya vijiji. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, ranchi za pamoja zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa katika maeneo mengi kuwa viwanja vya watu binafsi, na wengi wakauza. Kwa hiyo mirengo yote miwili ina maneno ya kumpendeza mfugaji, na hakuna hata mmoja wenye neno kamili la kuitaja ardhi ambayo si ya dola wala si ya mtu binafsi.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini basi wafugaji wasiwe na chama chao? Jibu ni kwamba sheria haitoi nafasi. Vyama vingi vilirudishwa tarehe 1 Julai 1992, baada ya Tume ya Jaji Francis Nyalali kupendekeza hivyo, ijapokuwa karibu asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka huo ilikataza chama kujengwa juu ya kabila, dini au eneo. Makusudi yake yalikuwa kulinda umoja wa taifa, nasi tunayaheshimu. Lakini matokeo yake ni kwamba shida ya mahali pamoja lazima iingie katika chama kikubwa na kusubiri zamu yake.

Karatu, jirani wa Ngorongoro, yaonyesha jinsi zamu hiyo inavyotafutwa. Mwaka 1995 Dakta Willibrod Slaa, aliyekuwa ameomba kugombea kwa tiketi ya CCM akaachwa, alihamia CHADEMA na kushinda. Chama hicho kilianzishwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, na kilielemea mrengo wa kulia. Wananchi wa Karatu walikirudisha Bungeni mwaka 2000, 2005, 2010 na 2015. Ni vigumu kusema kwamba wakulima wa Karatu waliamka siku moja wakiwa watetezi wa soko huria. Walimfuata mtu waliyemwamini, na chama kikawa nyumba aliyohamia.

Katika Jimbo la Ngorongoro mambo yalikwenda njia nyingine. Baada ya maboma kuchomwa moto katika operesheni ya mwaka 2009, mamia ya wanawake wa Loliondo walikusanyika mwaka 2010 kurudisha kadi za CCM. Katika uchaguzi wa mwaka huohuo mgombea wa CCM alishinda, na CCM ikashinda tena mwaka 2015. Mtu wa mbali angesema hawa ni watu wa kigeugeu. Sisi hatuoni hivyo. Kadi iliyorudishwa ilikuwa ni sauti ya kuinua ndani ya nyumba, siyo hatua ya kuihama. Mahali ambapo serikali ndiyo inayoshika ramani, wengi huona heri kuwa na mwakilishi aliye karibu na meza ambapo ramani inachorwa. Na kura za maoni za chama, pamoja na vikao vya Malaigwanani na wazee wa rika, huwa ndiyo mashindano yenyewe. Mwaka 2013 serikali ilipotangaza kutenga kilomita za mraba 1,500, malalamiko ya ndani ya chama hichohicho yalichangia kumfikisha Waziri Mkuu Mizengo Pinda Loliondo, akawaambia wananchi kwamba ardhi itabaki yao. Lakini mwaka 2022 eneo la ukubwa huo, pamoja na malisho ya Piyaya, lilitengwa kuwa pori la Pololeti. Serikali ilitaja ulinzi wa vyanzo vya maji na mazalia ya wanyama; wananchi wakapeleka shauri mahakamani. Basi ukaribu na meza nao una mipaka yake.

Agosti 2024 jambo zito zaidi lilijitokeza katika tarafa ya jirani ya Ngorongoro. Wakazi walipinga tangazo la kufuta kata 11 na vijiji vyao, na kuona vituo vyao vya kupigia kura vimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Walijipanga kando ya barabara iendayo Serengeti. Mahakama Kuu ililisimamisha tangazo hilo, na serikali ikawaahidi kwamba watapiga kura kwao. Jambo hili latufundisha kwamba kabla ya swali la chama gani, kuna swali la mahali gani. Mtu asiye na kijiji kisheria hana kituo, na asiye na kituo hana mrengo wowote wa kuchagua.

Kwa hiyo mwalimu anapofundisha mirengo ya siasa, asiishie kuandika ubaoni majina mawili na kuwataka wanafunzi wayakariri. Awaulize: chama hiki kinaposema "mali ya umma", umma huo ni nani, na nani mwenye ufunguo? Na chama kile kinaposema "uhuru wa mtu kumiliki", yule anayemiliki pamoja na wenziwe amewekwa wapi? Mpiga kura wa Piyaya hakosi siasa kwa kuwa hachagui kama Mfaransa au Mwingereza. Anachagua akiwa ameweka mbele swali ambalo mirengo haijalijibu: mvua ikikatika, au nyumbu wakifika, ng'ombe watapita wapi? Chama kitakachotaka kura yake kwa haki, kiwe cha kushoto au cha kulia, kitapaswa kuanza kwa kulijibu hilo.