MZUKA UKIZIDI UNAUA TIMU: Kutoka 4-0 ya Dar hadi kambi za Morogoro

Mdau, ushawahi kujiuliza kwa nini vigogo wa Dar, mechi kubwa ikikaribia au msimu ukitaka kuanza, wanapanda basi kwenda kujificha Morogoro? Hoteli Dar zimejaa. Viwanja vipo. Lakini wanakimbia karibu kilomita 190 wakalale chini ya Milima ya Uluguru, Bigwa huko, ambako asubuhi kuna ukungu na jioni hakuna cha kufanya.

Jibu rahisi ni hali ya hewa. Jibu la kweli linaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1979 Simba walikuwa kwenye Klabu Bingwa Afrika, wamepangwa na Mufulira Wanderers ya Zambia. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, uwanja umetapika watu, kila mtu anataka goli dakika ya kwanza. Simba wakapigwa 4-0. Nyumbani! Ukisimuliwa na wazee wa enzi hizo, watu walitoka uwanjani kimya kama wametoka msibani.

Wiki chache baadaye wakaenda Lusaka. Hakuna aliyewategemea, wengine hata redio hawakutaka kuwasha. Wachezaji walewale wakashinda 5-0, wakapita kwa jumla ya 5-4.

Miguu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kichwa.

Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, walifanya jaribio na panya. Panya anachagua kati ya kijumba cheupe na cheusi, akikosea anapigwa shoti ya umeme. Pale kazi ilipokuwa nyepesi, shoti kali ilimfanya ajifunze haraka. Lakini rangi zilipofanywa zikaribiane ili kazi iwe ngumu, shoti kali ilimvuruga. Ile ya wastani ndiyo ilimsaidia. Watu wa michezo wakalichukua wazo hilo: mzuka ukiwa chini mchezaji analala, ukipanda anachangamka, ukipitiliza anaharibu. Moyo unakimbia, misuli inakaza, macho yanaona mpira tu na kusahau mwenzake aliyebaki peke yake upande wa pili.

Na kiwango hakilingani kwa kila mtu. Anayebeba vyuma anaweza kupanda na hasira zote. Beki wa kukaba naye anahimili kelele kiasi. Ila straika aliyebaki na kipa, au mpigaji penalti, anafanya kazi ya rangi zinazokaribiana. Huyo ukimwambia "nchi nzima inakutegemea" umemmaliza.

Sasa iweke hiyo kando ya 1993. Simba tena, safari hii fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan. Ugenini Ivory Coast wakatoa 0-0, kazi kubwa kabisa. Marudiano Dar, Rais Ali Hassan Mwinyi yupo jukwaani, na stori inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba wachezaji walishaahidiwa magari. Magari, jamani, kabla filimbi haijapigwa! Wakafungwa 2-0 na kombe likapanda ndege. Stella walikuwa timu nzuri, wasinyimwe haki yao, na hakuna aliyempima mtu mapigo ya moyo siku ile. Lakini ukimbebesha kijana wa miaka ishirini na kitu rais, taifa na gari kwa dakika 90, usishangae pasi ya mita tano ikienda nje.

Morogoro wenyewe wana historia yao, na hii vijana wengi hawaijui. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa Tanzania mbele ya Simba na Yanga. Halafu Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ikabeba ligi ya Bara 1999 na ikarudia 2000. Uwanja wao Manungu umezungukwa na miwa. Walikuwa na wachezaji wazuri, hilo halina ubishi, lakini pia hakukuwa na umati wa Kariakoo unaowasubiri mlangoni Jumatatu. Sare moja haikuwa msiba wa kitaifa. Kijana alicheza, akarudi kambini, akalala.

Ndiyo maana kambi ya Bigwa ina akili kuliko inavyoonekana. Mchezaji wa timu kubwa hahitaji kuongezewa mzuka, anao tangu wiki iliyopita: simu, mashabiki, viongozi, ndugu wanaotaka tiketi. Anachohitaji ni kushushwa. Tatizo linakuja siku ya kurudi. Basi likishapita Chalinze, simu zinaanza kuita, na likifika Kimara bodaboda zenye bendera zishawasha taa zinalisubiri, honi juu, kulisindikiza hadi mjini.