Chenji ya Rada: Ulinzi, Huduma za Jamii na Ununuzi Usioulizwa Maswali

Kila Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma, Nairobi na Kampala, swali moja hurudi magazetini: fedha za jeshi zingejenga zahanati ngapi? Wanaouliza wana nia njema, ila kihesabu hoja yao haina mashiko. Matumizi ya kijeshi ya Tanzania na Kenya yamekuwa yakizunguka asilimia moja ya pato la taifa kwa muda mrefu, na sehemu kubwa huishia kwenye mishahara, posho na chakula cha askari. Anayetafuta kinachozibana shule na hospitali aanze na deni. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya nusu ya kodi inayokusanywa Kenya imekwenda kulipa madeni. Hata mpaka kati ya ulinzi na huduma za jamii haujanyooka. Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo hutibu raia, na Bunge la Tanzania lilipotoa shilingi bilioni 6 za madawati mwaka 2016, kazi ya kuyatengeneza walipewa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Magereza.

Kwa hiyo sitapoteza muda kupima kama Fungu 38 la bajeti ya Tanzania, ambalo ndilo la Ngome, yaani jeshi, ni nono mno kuliko la elimu. Ninachodai ni kwamba hasara iko kwenye ununuzi mkubwa wa mara moja, unaofanywa kwa mkopo au kwa akiba ya taifa, ambao haukulazimika kushindana na hitaji lingine lolote. Zahanati hupita kwenye kamati ya kijiji, halmashauri, mkoa na Hazina, na kila ngazi hukata kidogo. Silaha hutua mezani ikiwa imeshanunuliwa.

Mfano ambao Watanzania hawahitaji kukumbushwa ni rada ya BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini zaidi. Mwezi uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa leseni ya kuiuzia Tanzania rada ya pauni milioni 28, kwa mkopo kutoka benki ya Barclays. Nchi iliyotoka kufutiwa deni kwa sababu ya umaskini iliingia deni jipya kabla wino haujakauka. Ndani ya baraza la mawaziri la Tony Blair, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga waziwazi. Blair aliunga mkono. Moja ya hoja zilizotolewa London ilikuwa ajira zipatazo 250 katika kiwanda cha Cowes, kwenye Isle of Wight. Tunapozungumzia vipaumbele vya taifa, hapo pana jambo la kutafakari: kipaumbele kilichopimwa kwa makini zaidi katika biashara ile kilikuwa cha wafanyakazi wa kisiwa kimoja cha Uingereza.

Mwaka 2002 wataalamu wa usafiri wa anga wa Umoja wa Mataifa, walioagizwa na Benki ya Dunia, waliona kwamba mtambo huo ulikuwa ghali mno na haukukidhi mahitaji ya anga ya kiraia. Mwaka huohuo ndio Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulianza. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, watoto wamefurika, wazazi wanafyatua matofali, na mpango uliahidi ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa ajili ya vitabu, chaki na ukarabati. Bei ya rada kwa dola ilikuwa takriban milioni 40. Hiyo ni ruzuku ya mwaka mzima ya watoto milioni 4. Lazima niweke tahadhari hapa, maana ulinganisho wa namna hii hutumiwa ovyo: fedha zile zilikuwa mkopo wa rada, hazikuwa zimelala Hazina zikisubiri kununua vitabu. Lakini mkopo hulipwa kwa kodi ileile ambayo ruzuku hutegemea.

Mengine yalijulikana mahakamani London, Desemba 2010. BAE ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Haikutiwa hatiani kwa rushwa, na ni vyema tuseme hivyo. Ila hesabu zenyewe zilionyesha dola milioni 12.4 zilizopelekwa kwa kampuni za dalali, sawa na asilimia 31 ya bei. Jaji hakukubali kwamba huo ulikuwa ujira wa ushawishi tu. Kampuni ilikubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, na baada ya mvutano kuhusu nani azipokee, ambapo wabunge wetu walisafiri hadi London kudai zipitie serikalini, zililipwa mwaka 2012. Mitaani ziliitwa chenji ya rada. Zilinunua vitabu na madawati, yaani zilifika shuleni baada ya miaka kumi na kupitia mahakama ya nchi nyingine.

Uganda ilifanya jambo lilelile kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2011 takriban dola milioni 740 zilichotwa kwenye akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu kununua ndege sita za kivita za Sukhoi na zana nyingine, na Bunge likaombwa idhini baada ya malipo. Kufikia Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 30. Ukame na bei ya mafuta vilichangia, na sisemi ndege ndizo zilizopandisha bei ya unga. Nasema Bunge lililoidhinisha jambo lililokwisha kutendeka halikupanga bajeti. Kenya nayo ina kashfa ya Anglo Leasing, mikataba 18 iliyofungwa kwa jina la usalama. Mwaka 2014 serikali ililipa wadai wawili wa mikataba hiyo shilingi bilioni 1.4 ili kusafisha njia ya kuuza hati za Eurobond.

Mtetezi wa jeshi atanijibu kwamba vita havisubiri kamati, na atataja vita vya Kagera. Ana haki. Idi Amin wa Uganda alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Tanzania haikuwa na anasa ya kuchagua kati ya risasi na dawa. Gharama, kwa makadirio ya serikali, ilifika dola milioni 500, misaada ya nje ilikuwa haba, na uchumi uliokwisha kuyumba kwa mafuta kupanda na kahawa kushuka ukazidi kulemaa. Lakini Rais Nyerere alisimama Novemba mbele ya umma akataja sababu, uwezo na nia, na baada ya ushindi akawaambia watu wafunge mikanda kwa miezi 18. Mfumo wa chama kimoja haukuwa mfano wa uwazi, sijifanyi kusahau. Hata hivyo mwananchi alijua analipia nini. Rada haikuwa na adui mpakani, na aliyeilipia aliijua kupitia magazeti ya Uingereza.

Ndiyo maana kisingizio cha siri kinahitaji kugawanywa. Mahali mtambo ulipofungwa, uwezo wake, idadi ya risasi ghalani: hizo ni siri halali. Bei, muuzaji, riba ya mkopo na malipo ya dalali havimo. Muuzaji anavijua, benki inavijua, na majasusi wa nchi jirani huenda wanavijua pia. Aliyefichwa ni mlipa kodi peke yake. Kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi, ikikaa faragha na Mkaguzi Mkuu kabla mkopo haujasainiwa, ingeweza kuyaona yote hayo bila kumsaidia adui yeyote. Hakuna mpango wa vita ambao ungevuja kama mbunge mmoja angeuliza kwa nini karibu theluthi ya bei inakwenda kwa mtu asiyetengeneza wala kufunga chochote.