Kikosi cha Msimu Ujao Kilikuwa Rahisi Kutabiri, na Sababu Yake Haikuwa Nzuri

Kila Januari, fainali ya futiboli ya vyuo vya Marekani ikiisha tu, mashabiki huanza mchezo wao wa pili: kutaja majina 11 yatakayoanza upande wa ushambuliaji msimu ujao. Msimu wenyewe huanza mwisho wa Agosti. Hiyo ni miezi saba ya kubishana kuhusu watu ambao hawajagusa mpira. Na siku hizi mabishano yote yanaishia kwa kilio kimoja: eti haiwezekani tena kujua nani ataanza, eti vijana wa leo hawana uaminifu, eti zamani mambo yalikuwa na mpangilio.

Ni kweli zamani kulikuwa na mpangilio. Lakini wasee, ulizeni mpangilio huo ulitoka wapi. Kikosi kilikuwa rahisi kutabiri kwa sababu mchezaji hakuwa na mlango wa kutokea. Ukisoma historia ya mchezo huu, utaona kwamba kila mara mchezaji alipopata uhuru kidogo, utabiri ulikuwa mgumu kidogo. Hayo ni mambo mawili yanayotembea pamoja, na anayelilia moja inabidi atuambie kama anataka kufuta la pili.

Kwa wale wageni, nieleze haraka. Ushambuliaji una watu 11. Watano ni mstari wa mbele, majamaa wakubwa ambao kazi yao ni kuzuia wapinzani wasipite. Nyuma yao kuna kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua uende wapi. Waliobaki ni wakimbiaji na wadakaji wa pasi, na idadi yao hubadilika kulingana na mpango wa kocha. Kila chuo kina orodha ya ngazi: nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu katika kila nafasi. Kutabiri kikosi ni kusoma ngazi hiyo na kusema nani atapanda.

Mwaka wa 1869 vyuo vya Rutgers na Princeton vilipocheza ile mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza, kila upande ulikuwa na watu 25. Ni Walter Camp wa Yale aliyesukuma wapungue hadi 11, mwaka wa 1880. Kwa miaka mingi baadaye, hao 11 walishambulia na pia kulinda. Vita vya pili vya dunia vilipochukua vijana, sheria za kubadilisha wachezaji zikalegezwa, na mwaka wa 1945 Fritz Crisler wa Michigan akaleta vikosi viwili tofauti, kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikazuia tena mtindo huo mwaka wa 1953, kisha ikauachilia katikati ya miaka ya 1960. Kwa hivyo hata hiki kitu tunachokiita "kikosi cha ushambuliaji" si cha kale sana. Ni uamuzi wa sheria.

Sasa angalia ngazi yenyewe. Kabla ya 1972, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya futiboli ya chuo. Alicheza na wenzake wa mwaka wa kwanza, akingoja. Shabiki alikuwa na mwaka mzima wa kumtazama kabla hajapanda. Ndiyo maana utabiri ulikuwa kama kusoma ratiba ya gari moshi. Sheria ilipobadilika, Ohio State ilimwingiza kijana wa mwaka wa kwanza anayeitwa Archie Griffin katika mechi yake ya pili, dhidi ya North Carolina, akakimbia yadi 239, rekodi ya chuo wakati huo. Baadaye alishinda tuzo ya Heisman mara mbili, 1974 na 1975. Mlango mmoja ulifunguliwa, na orodha za watabiri zikachanika siku hiyo hiyo.

Lakini mwaka uliofuata, 1973, mlango mwingine ulifungwa. Skolashipu ambazo zilikuwa zikitolewa kwa miaka minne ziligeuzwa kuwa za mwaka mmoja mmoja. Kocha akichoka nawe, anaweza kukataa kuiendeleza. Na wewe ukichoka na kocha? Ukihamia chuo kingine cha daraja la juu, ulikaa nje mwaka mzima bila kucheza, isipokuwa kama ulikuwa tayari na digrii au umepewa ruhusa maalum. Baker Mayfield alitoka Texas Tech kwenda Oklahoma, akakaa nje msimu wa 2014. Miaka mitatu baadaye alishinda Heisman. Huyo alikuwa mzuri hivyo, na bado sheria ilimwekea bili ya mwaka mmoja kwa kosa la kuhama.

Mimi niliacha chuo. Hakuna aliyenipiga marufuku kufanya kazi kwa mwaka mzima eti kwa sababu nimebadilisha njia. Ningeambiwa hivyo ningecheka. Wachezaji hawa waliambiwa hivyo kwa miongo, na mashabiki wakaita hali hiyo "uaminifu".

Kama unataka usiku mmoja unaoonyesha mambo yalivyokuwa yakigeuka, chukua tarehe 8 Januari 2018, Atlanta. Fainali ya taifa, Alabama na Georgia. Alabama iko chini 13 kwa 0 wakati wa mapumziko. Kwotabeki wake ni Jalen Hurts, kijana aliyeshika nafasi hiyo tangu mwaka wake wa kwanza na kupoteza mechi mbili tu kama mwanzishaji. Kocha Nick Saban anamtoa. Anamwingiza Tua Tagovailoa, mwaka wa kwanza. Katika muda wa ziada Tua anarusha pasi ya yadi 41 kwa DeVonta Smith, naye pia wa mwaka wa kwanza, na Alabama inashinda 26 kwa 23.

Tangu usiku huo hadi Septemba, swali lilikuwa moja: nani ataanza? Tua alianza. Hurts, badala ya kuondoka, alibaki benchi msimu mzima. Desemba 1, 2018, dhidi ya Georgia tena, uwanja ule ule, Tua akaumia, Hurts akaingia na kugeuza mechi, Alabama ikashinda 35 kwa 28. Watu walilia, na ni haki yao, hadithi ni tamu. Lakini Hurts alimaliza digrii yake mwezi huo huo, na digrii ndiyo iliyompa ruhusa ya kuhamia Oklahoma na kucheza mara moja bila kukaa nje. Msimu wa 2019 akawa wa pili katika kura za Heisman. Aliyemshinda ni Joe Burrow wa LSU, ambaye naye alikuwa ametoka Ohio State akiwa na digrii mkononi baada ya kukosa nafasi. Wawili wa juu kabisa nchini walikuwa watu waliohama. Ujumbe ulikuwa wazi kwa kila kijana aliyekaa ngazi ya pili.

Mwaka huo wa 2018 sheria zilianza kufuata. Juni, mchezaji aliruhusiwa kucheza hadi mechi nne bila msimu huo kuhesabiwa katika miaka yake ya kucheza. Oktoba 15 ikafunguliwa potali ya uhamisho, rejista ya mtandaoni ambapo mchezaji anaweka jina lake na vyuo vingine vinaruhusiwa kumtafuta bila kuomba ruhusa ya kocha wake. Hata kabla ya potali, Septemba, Kelly Bryant wa Clemson alipoambiwa nafasi yake inachukuliwa na Trevor Lawrence wa mwaka wa kwanza, alifanya hesabu. Alikuwa amecheza mechi nne. Akaondoka, msimu wake ukabaki salama, mwaka uliofuata akachezea Missouri. Kutoka hapo, mtabiri alihitaji kalenda na kitabu cha sheria.

Kisha 2021 ikaja kama mafuriko. Aprili, kila mchezaji akapewa uhamisho mmoja bila kukaa nje. Juni 21, Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua dhidi ya NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston. Julai 1, wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura yao kwa matangazo. Aprili 2024 idadi ya uhamisho ikaachwa wazi, bora mtu awe anafaulu masomo. Na tangu Julai 1, 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kiwango cha juu kikianzia dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka.

Hapo hata sisi Wakenya tunaguswa. Henry Rono aliweka rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka wa 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, chini ya NCAA hiyo hiyo iliyokataza mwanafunzi kuuza jina lake. Leo mwenzake Mmarekani angetia sahihi mkataba wa viatu kesho asubuhi. Mkenya mwenye viza ya masomo bado angelazimika kuuliza wakili kwanza, kwa sababu viza hiyo inabana kazi ya kulipwa. Uhuru huu haujafika kwa wote.

Kuhusu utabiri, nipe mfano mmoja tu wa jinsi mambo yalivyo sasa. Masika ya 2025, kila shabiki wa Tennessee alijua kwotabeki wake: Nico Iamaleava, aliyekuwa ameipeleka timu kwenye mchujo wa timu 12. Kila shabiki wa UCLA naye alikuwa na Joey Aguilar, aliyetoka Appalachian State, tayari anafanya mazoezi ya masika. Aprili, Iamaleava akaondoka Tennessee katikati ya habari za mvutano wa malipo, akaenda UCLA. Aguilar naye akahama UCLA, akaenda Tennessee. Vyuo viwili vikabadilishana kwotabeki kama majirani wanaoazimana sufuria. Nani angetabiri hiyo? Hakuna.

Sasa wale wa "uaminifu" nawauliza: mbona hamkulia hivyo kwa makocha? Novemba 2021 Lincoln Riley aliacha Oklahoma akaenda USC. Wiki hiyo hiyo Brian Kelly aliacha Notre Dame akaenda LSU, timu yake ikiwa bado na matumaini ya kuingia mchujo. Hakuna aliyekaa nje mwaka. Caleb Williams, kwotabeki wa Riley, alipomfuata USC, aliitwa mamluki na baadhi ya watu, kwa safari ile ile aliyopitia kocha. Akashinda Heisman ya 2022. Kocha akihama ni kazi, kijana akihama ni usaliti? Hapana bana.

Sisemi hakuna hasara. Ipo. Kijana anayehama mara tatu huenda asimalize digrii, na mimi si mtu wa kujifanya digrii ni kila kitu, lakini aliyeahidiwa elimu anafaa kuipata. Mstari wa mbele nao unahitaji muda wa kuzoeana, watu watano wasogee kama mtu mmoja. NCAA yenyewe imeona, ndiyo maana imefuta dirisha la uhamisho la masika na kuacha moja la Januari. Hiyo ni sawa. Kuweka tarehe si sawa na kufunga mlango.

Na utabiri bado upo, ila umebadilika kazi. Zamani ulisoma ngazi ukapandisha wa pili. Leo anza na kocha, kwa sababu wachezaji humfuata au humkimbia. Saban alipostaafu Januari 2024, Alabama ilipoteza watu kwa wiki chache, na kocha mpya, Kalen DeBoer, akaletewa senta Parker Brailsford kutoka timu yake ya zamani, Washington. Kisha angalia nani anabaki katika wale watano wa mbele. Kisha subiri dirisha lifungwe ndiyo utaje kwotabeki. Na usidharau timu ndogo: Indiana ilishinda mechi 3 tu mwaka wa 2023, ikaleta kocha Curt Cignetti na kundi la wachezaji wa kuhamia, akiwemo kwotabeki Kurtis Rourke, na 2024 ikashinda 11. Katika ule mpangilio wa zamani, Indiana ingengoja foleni miaka mitano, na pengine isifike.

Kwa hivyo mwaka huu ukiandika orodha yako ya 11 halafu wanne wakahama kabla ya Agosti, usiseme mchezo umekufa. Orodha yako imekosea kwa sababu watu wanne walikuwa na maoni yao kuhusu maisha yao, na safari hii wameruhusiwa kuyafuata.