Kutafuta mwalimu wa fizikia Rusimbi: historia fupi ya tuisheni mwisho wa reli

Nilikuwa nyumbani Kigoma kwa likizo, na likizo ya kwetu si ya kulala. Siku ya pili tu mama aliniita barazani, pale Rusimbi, akaniwekea chai na neno juu yake: "Baba, mdogo wako yuko kidato cha pili. Hesabu anajitahidi, kemia anakwenda hivyo hivyo, fizikia ndiyo balaa. Mwalimu wao ni mmoja shule nzima. Wewe ndiye uliyesoma, mtafutie mwalimu wa tuisheni."

Nikaitikia, ila roho iliniuma kwa sababu zangu. Fizikia mimi mwenyewe niliiacha nikiingia kidato cha tatu, mwaka 2013. Sikuwa naichukia. Tulipata mwalimu kwa miezi michache, akahama, hakuja mwingine. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo, nusu ya darasa tulikimbilia sanaa kama watu wanaokimbia mvua. Leo naandika gazetini, kazi naipenda. Lakini nikisema niliichagua nitakuwa nadanganya. Ukosefu wa mwalimu ndio ulionichagulia.

Sasa kabla sijaanza kuzunguka mitaani, nikajiuliza swali la kazini kwetu: hivi tulifikaje hapa? Lini mzazi wa Kitanzania alianza kulipa mara mbili ili mwanawe asome somo moja?

Tukianzia mbali, mwalimu wa kulipwa na mzazi si mgeni huku kwetu. Ujiji ulikuwa mji wa misafara kabla hata reli haijafikiriwa, na watu wa pwani waliokuja kufanya biashara karne ya 19 walikuja na chuo chao cha Kurani. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu, mzazi akatoa ada kidogo kidogo. Kabla ya kumpeleka, wazee waliuliza: huyu mwalimu naye kasoma kwa nani? Likumbuke swali hilo, nitalirudia.

Shule ya serikali ilikuja taratibu sana. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini chini ya Waingereza ilipeleka zaidi watu kuliko kuleta walimu. Buha ilifanywa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kiha walisombwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge, wengi Tanga. Aliyebahatika kusoma zaidi alipanda treni kwenda Tabora.

Uhuru ulitukuta na kiasi gani? Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitaja hesabu hiyo alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967: mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Nchi nzima, wadau! Mwaka 1967 walikuwa 25,000 na kidato cha sita 830. Kitivo cha Sayansi pale Chuo Kikuu Dar es Salaam kilianza mwaka 1965. Kwa hiyo wazawa wenye digrii ya fizikia walioweza kwenda kufundisha walikuwa wa kuhesabu, na kila ofisi iliwataka.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasema watoto wote wasome shule ya msingi ifikapo 1977. Jambo jema kabisa. Shule zilijaa, ila sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kisha ikaja vita ya Kagera, maduka yakawa matupu, na miaka ya 1980 mshahara wa mwalimu haukumfikisha mwisho wa mwezi. Hapo ndipo tuisheni hii tunayoijua ilipostawi. Mwalimu alihitaji sabuni na sukari, mzazi alihitaji nafasi ya sekondari ambazo zilikuwa chache mno. Wakakutana jioni. Dar es Salaam ikaja kuwa na vituo vyenye majina makubwa, Mchikichini kikiwa maarufu kuliko vyote, vijana wamebanana kwenye mabenchi na mwalimu wa fizikia akishangiliwa kama mwanamuziki.

Ikaja awamu ya shule za kata. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari chini ya 2,000, na kufikia 2010 zilikuwa zaidi ya 4,000. Majengo yanaweza kujengwa kwa mwaka mmoja. Mwalimu wa fizikia hajengwi kwa tofali. Serikali ikachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani. Mtaani wakaitwa "voda fasta". Tuliwacheka bure, wengine walijituma kuliko wenye digrii, lakini wiki chache ni wiki chache.

Mvuno ukaonekana Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000, kama asilimia 60, walipata divisheni ziro. Ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka uliofuata Rais Kikwete alizibana halmashauri zijenge maabara kila shule ya kata, na wazazi wakachangishwa. Mwezi huo wa Februari 2013 ndio mimi nilikuwa najaza fomu ya kuacha fizikia.

Kuna na suala la lugha. Mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili, serikali ikakataa. Matokeo yake, nusu ya kazi ya mwalimu wa tuisheni ni kumweleza mtoto kwa Kiswahili kile alichokariri asubuhi kwa Kiingereza.

Haya, turudi Rusimbi. Nikaandaa swali moja la kuwapima walimu, na nililichukua pale pale bandarini. Mnaijua Liemba. Meli ya chuma, urefu kama mita 71, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku na kuunganishwa hapa Kigoma. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ila mafundi walipaka mitambo grisi nzito kwanza. Wabelgiji waliiibua ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Swali langu: kwa nini meli hiyo inaelea wakati sarafu ya shilingi mia inazama?

Mwalimu wa kwanza ana kituo kikubwa upande wa Mwanga. Nilikuta wanafunzi kama sitini chumba kimoja. Akanijibu kwa kanuni ya Archimedes, Kiingereza kilichonyooka, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni. Nikamwomba anieleze kwa maneno yake. Akarudia yale yale, kwa sauti kubwa zaidi.

Wa pili alinionyesha rundo la mitihani ya nyuma. Akasema, "Bro, haya ya Liemba hayatoki kwenye mtihani." Akaniahidi B. Nikamshukuru nikaondoka. Mtu anayeahidi alama kabla hajamwona mtoto namwogopa.

Wa tatu nilimpata kwa bahati, ni dereva wa bodaboda aliyenibeba kutoka Kibirizi. Njiani ananiambia ana shahada ya ualimu, fizikia na hesabu, anasubiri ajira mwaka wa tatu. Wadau, hapo nilinyamaza kidogo. Shule ya mdogo wangu ina mwalimu mmoja wa fizikia, na mwalimu wa fizikia anapiga bodaboda mlangoni kwake.

Nikamleta nyumbani. Swali langu hakulijibu. Alimgeukia mdogo wangu, akaomba beseni la maji, sufuria na kijiko. Kijiko kikazama. Sufuria ikaelea. "Zote chuma. Kwa nini?" Mdogo wangu akasema sufuria ina hewa. Hakumwambia umekosea. Akamwambia aisukume sufuria chini kwa kiganja, polepole. "Unasikia nini?" "Inanisukuma." "Na maji ya beseni?" "Yanapanda." Akamwacha afikirie. Mama alikuwa amesimama mlangoni na dumu la mawese mkononi, biashara imesahaulika. Baada ya muda binti akasema mwenyewe: sufuria imechukua nafasi kubwa ya maji, na maji yale yanataka kurudi mahali pake. Ndipo mwalimu akamwandikia kanuni, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza cha mtihani.

Nikamuuliza lile swali la wazee: umesoma kwa nani? Akanitajia mwalimu wake wa kidato cha pili, si profesa wa chuo. Nikajua tumepata mtu.

Mama alianza kumwita "mwanangu", alipofika kwenye bei akawa anamwita "mwalimu". Wakakubaliana elfu thelathini kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, barazani, watu wote wakiona. Na mama akaongeza sharti lake: watoto wawili wa jirani wakae hapo hapo, wazazi wao watachangia watakachopata.

Kwa wanaotafuta kama mimi, niliyojifunza ni haya. Msikilize mwalimu akiuliza, si akijibu. Mwombe mtoto akueleze wewe alichofundishwa, ukielewa, amefundishwa. Kundi liwe dogo. Na yafanyike mahali pa wazi, hasa kwa mabinti.

Ila sijidanganyi kwamba nimelitatua jambo. Nimemtatulia mdogo wangu tu. Darasani kwao wamebaki wenzake ambao hawana kaka wa kuwazungukia mji. Mwaka kesho watajaza fomu, na wengi watakimbia mvua kama nilivyokimbia mimi.

Jioni kabla ya safari nilimkuta mdogo wangu peke yake uani, sufuria ndani ya beseni, anaongeza mawe moja moja na kuhesabu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, bila kunitazama: "Nataka kujua inazama kwenye la ngapi, na kwa nini hilo."

Nikaketi tukahesabu wote. Ilizama kwenye jiwe la kumi na moja.