Kifaduro na Vijana wa Manyatta

Mwezi wa Julai, baridi ya Mlima Kenya inapoteremka juu ya mashamba ya chai na kahawa ya Manyatta, watu wengi hukohoa, wala hapana anayeshangaa. Kikohozi cha majira, husema, kitakwenda na majira yake. Lakini kiko kikohozi kimoja kisichofaa kudharauliwa, nacho ni kifaduro. Mtoto hukohoa mfululizo hata pumzi zikamwishia, kisha huvuta hewa kwa mlio mkali, na mara nyingi akatapika. Maradhi haya huweza kudumu miezi miwili au zaidi. Mtoto mchanga huenda asikohoe hata kidogo, ila huacha tu kupumua.

Tabibu Guillaume de Baillou aliyaeleza alipoyaona mjini Paris mwaka wa 1578, lakini kijidudu chenyewe hakikutengwa mpaka mwaka wa 1906, na Jules Bordet na Octave Gengou wa Ubelgiji. Wengine walijaribu chanjo mapema, lakini waliofaulu hasa ni wanawake wawili wa mji wa Grand Rapids, Marekani: Pearl Kendrick na Grace Eldering. Wote wawili walikuwa wamepata kuwa walimu wa shule, jambo ambalo mimi sioni haya kulitaja. Walianza mwaka wa 1932, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Jioni, baada ya kazi za mchana, walizunguka nyumba za maskini wakikusanya vijidudu kutoka kwa watoto waliokuwa wakikohoa, kwa mwanga wa taa za mafuta.

Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka wa 1980. Mtoto huchanjwa kifaduro akiwa na wiki 6, tena wiki 10, na tena wiki 14.

Lakini chanjo bila imani ya watu haifiki mbali. Huko Japani, mwaka wa 1974, waliougua kifaduro walikuwa 393 tu, wala hakufa mtu. Watoto wawili wakafa baada ya kuchanjwa; hofu ikaenea, chanjo ikasimamishwa kwa muda mwaka wa 1975, na hata iliporudishwa wazazi wengi waliikataa. Mwaka wa 1979 waliugua zaidi ya 13,000, wakafa 41. Ugonjwa ulikuwa umesahauliwa. Sindano ndiyo iliyoogopwa.

Wanafunzi wangu wa zamani waliojiunga na Chuo Kikuu cha Embu hunijia wakati wa likizo. Nimewauliza habari za kifaduro. Wengi hujibu kwamba ni mambo ya kliniki ya watoto, nao walikwisha chanjwa zamani. Hawakukosea sana, ila hawakuambiwa kwamba kinga hiyo hupungua baada ya miaka kadhaa. Kijana mwenye nguvu huweza kuugua akadhani ana mafua tu, akaendelea na masomo yake, kisha akapanda matatu kwenda nyumbani.

Mmoja wao alinyamaza kidogo. Alikuwa akikohoa tangu wiki mbili, na dada yake alikuwa amejifungua siku chache zilizopita.

“Basi, mwalimu,” akauliza, “nikifika nimpakate mtoto au nisimpakate?”

Nikamwambia apitie kwanza hospitali.