Kumi na Moja kwa Kumi na Moja: Uchaguzi wa Januari 1961

Januari 1961 Wazanzibari walipiga kura kujaza viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kati ya vyama vilivyoshindana, ASP ilipata viti 10, ZNP, yaani Hizbu, ikapata 9, na ZPPP 3. Hakuna aliyetosha kuunda serikali peke yake.

Katika jimbo la Chake Chake, ASP ilishinda kwa kura moja tu. Mtu mmoja angebaki nyumbani siku ile, hesabu yote ingekuwa nyingine.

Macho yote yakaelekea kwa wale watatu wa ZPPP, nao wakagawanyika: Mohammed Shamte na mwenzake mmoja wakaenda Hizbu, Ali Sharif akaenda ASP. Matokeo yakawa 11 kwa 11. Waingereza wakaweka serikali ya mpito, wakaongeza jimbo la 23 ili sare isijirudie.

Kura zilirudiwa Juni 1. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, lakini viti vikabaki 10. Hizbu nayo ilipata 10, na ZPPP 3. Siku hiyo zilizuka ghasia zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu. Hizbu na ZPPP ziliungana, na Shamte akawa Waziri Kiongozi.